Soko la Oduol

Robi alizaliwa Itiryo, akasoma huko huko hadi darasa la saba, akaolewa Tarime mjini, mtaa wa Nkende, ambako yupo hadi leo na cherehani yake barazani. Lakini ukimwuliza utoto wake uko wapi, hataji Itiryo wala Tarime. Utoto wake ulibaki Nyansurura, upande wa Serengeti, kwa mjomba wake, alikopelekwa kila likizo akiwa msichana mdogo kwenda kuchunga ng'ombe. Na Nyansurura hiyo, ile aliyoijua yeye, kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya kompyuta, ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna mtu aliyeweza tena kufika.

Ilifikaje humo? Iliingizwa na mumewe, Oduol.

Oduol alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi. Alikuwa Mjaluo, mama yake akiishi upande wa Kenya, mbele kidogo ya Sirari. Robi ni Mkurya. Nyumbani walizungumza Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumlazimisha mwenzake lugha ya kwao. Kazi za kibandani zilikuwa za msimu: barua za wazazi, mabango ya bei kwa wachuuzi wa sokoni, kadi za harusi. Siku ambazo hakukuwa na mteja, Oduol alikaa mbele ya kompyuta yake, ile ya zamani yenye kisogo kirefu, akaandika mistari na mistari ya maneno yasiyosomeka. Kitabu cha kujifunzia aliletewa na binamu yake kutoka Kisumu. Kilikuwa cha Kiingereza na kilikuwa kimepoteza jalada.

Jioni alirudi nyumbani na maswali.

"Ng'ombe wa mjomba wako walikuwa rangi gani?"

"Rangi ya ng'ombe," Robi alimjibu, akishona. "Wewe umewahi kuona ng'ombe wa kijani?"

"Taratibu, mama. Mmoja mmoja."

Basi akamtajia mmoja mmoja. Sabuni, mweupe asiye na doa. Kaniki, mweusi. Karanga, mwenye wekundu wa udongo. Na Shaba, jike mkubwa, ambaye jua la jioni lilipompiga ubavuni ungesema anatoa mwanga wake mwenyewe. Alimweleza jinsi alivyoshuka na ng'ombe kutoka malishoni, jinsi mto ulivyokaa kimya hapo katikati kama unamsikiliza mtu, na jinsi ng'ombe walivyosita kabla ya kutia mguu majini. Ng'ambo kulikuwa na uzio wa minyaa, lango la magogo, ghala la mtama lililosimama kwa miguu yake mifupi, na moshi wa jiko la shangazi ukiambaa chini chini kwa sababu jioni za huko hewa ni nzito. Robi aliyasema haya macho yakiwa kwenye sindano, na wakati mwingine alipoinua uso alishangaa kujikuta Nkende.

Oduol aliyachora yote kwa vijiraba, miraba midogo ya rangi, kimoja kimoja, kama mtu anayefuma mkeka. Ilimchukua misimu miwili ya mvua. Siku moja akamwita Robi kibandani, akamkalisha mbele ya kioo, na pale palikuwa na majani yanayoyumba, na ng'ombe wanne wamesimama, na mto. Ilikuwa gemu. Aliiita Vuka. Unawaswaga ng'ombe kwa vidole, unawavusha kati ya mamba, na ukifika ng'ambo unaingia nyumbani kwa mjomba, ndipo inasikika sauti ya mwanamume akiwaita ng'ombe kwa majina, kila mmoja kwa zamu yake, hadi wote waingie zizini.

Sauti hiyo ilikuwa ya Oduol mwenyewe. Na hapo ndipo Robi alipocheka hadi akashika ukuta, maana ulimi wa Oduol ulikuwa hauna sha. Shikamoo kwake ilikuwa sikamoo, shamba lilikuwa samba, na Shaba, malkia wa zizi la mjomba, alikuwa Saba.

"Saba gani, na ng'ombe wenyewe wako wanne?" Robi alimwuliza.

"Nimesema Saba."

"Ndiyo, umesema saba."

"Saba ile ya bangili."

"Nimekuelewa, baba. Usibadilishe kitu."

Watoto wa Nkende yote walicheza Vuka pale kibandani, wakisukumana kwenye benchi, na mtaani wakaanza kumwita kila ng'ombe mwekundu aliyepita njiani Saba.

Oduol aliumwa kifua muda mrefu, akafariki wakati Felistas, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado anabebwa mgongoni safari ikiwa ndefu. Kibanda kikarudishwa kwa mwenyewe. Kompyuta ilikaa chumbani chini ya kitambaa hadi mvua moja ilipopita kwenye bati na kuiingia, na fundi akasema haina maisha tena. Kilichobaki ni CD. Nyingine Oduol alikuwa ameziandika GEMU kwa kalamu nene nyeusi. Hizo Robi alizifunga kwenye kipande cha kitenge na kuziweka chini kabisa ya sanduku la bati. Nyingine aliziandika SOKO. Hizo Robi alizitazama, akayakumbuka yale mabango ya bei za nyanya na dagaa, na kaka yake Filemoni alipokuja kutoka Itiryo akilalamika kwamba ndege wanammalizia mtama, akampa azitundike shambani. Zinang'aa vizuri, alimwambia, ndege wataogopa.

Miaka ikaenda. Robi alishona sare za shule, magauni ya kwaya, vitambaa vya makochi. Alikuwa mama wa mtoto mmoja na macho yake yalikuwa na kazi: nani kapita, nani kasimama na Felistas kwenye kona, simu ya nani imelia, kwa nini mlango wa jirani haujafunguliwa hadi saa hizi. Hakuwa mbea. Alikuwa ni mtu aliyeona kwamba vitu huondoka ukigeuka kidogo tu.

Na kweli viliondoka. Mwaka mmoja alikwenda msibani Nyansurura, na baada ya maziko akajitenga na wenzake kwenda kupaangalia kwa mjomba. Watoto wa mjomba walikuwa wamehamia kwingine. Palikuwa na mahindi. Mahindi mazuri, marefu, yenye majani yanayosuguana, na yeye akasimama katikati yake akitafuta ulipokuwa uzio. Lango lilitazama wapi? Aliporudi Nkende alijaribu kulipanga lile boma kichwani kabla ya usingizi, kama mtu anayepanga vyombo kabatini, na kila alipopanga kilipungua kitu. Ghala lilikuwa kushoto kwa lango au kulia? Kuna siku aliliona kushoto, siku nyingine kulia. Sauti ya Oduol nayo ilikuwa inamtoka. Maneno aliyakumbuka. Sauti yenyewe, uzito wake, ilikuwa imebaki kama joto kwenye kiti ambacho mtu amekwisha kuinuka.

Felistas hakuwa na hata joto hilo. Alikuwa na picha ya baba yake ukutani, na picha haisemi.

Ndipo mwaka huu, Felistas akiwa likizo kutoka chuoni, akaja barazani na laptop yake mikononi, akaiweka juu ya meza ya cherehani katikati ya vipande vya sare.

"Mama, angalia kitu."

Robi akaangalia. Majani yalikuwa yanayumba. Ng'ombe wanne walikuwa wamesimama.

Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani taratibu, kana kwamba ng'ombe wangeshtuka.

"Kuna dada yuko Mwanza anaitwa Generoza," Felistas alisema. "Anakusanya gemu za zamani zilizotengenezwa huku kwetu, zisipotee. Hii aliikuta kwenye kompyuta ya mtu aliyewahi kufanya kazi Tarime. Ndani imeandikwa jina la baba. Akanitafuta."

"Akakutafuta. Na wewe ukajibu."

"Nikajibu."

"Umemwona uso?"

"Mama."

"Nauliza tu. Mtu ana jina la baba yako na hana uso."

Felistas akampeleka Saba hadi mtoni. Hapo gemu ikagoma. Maji yalipita mbio, mbio isiyo ya mto wowote Robi aliowahi kuuona, na Saba akasimama ndani yake amezama hadi magotini, kichwa juu, hasongi mbele wala harudi. Felistas akabonyeza, akabonyeza tena. Saba akabaki pale.

"Haivuki," alisema. "Kwenye kompyuta zote za siku hizi haivuki."

Kesho yake Robi alitaka auone uso, na Generoza akapiga simu ya video. Alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, nyuma yake kumepangwa mashine kuukuu kama stoo ya shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa wapi?"

"Kwetu Muleba, mama. Kazi ndiyo imenileta Mwanza."

"Mama yako anajua unashinda na hizo mashine?"

"Anajua. Anasema nitaolewa na mojawapo."

Robi akacheka bila kutaka, na mlango ukawa umefunguka. Generoza akamweleza. Mzee aliitengeneza gemu kwa kufuata mwendo wa kompyuta yake, ambayo ilikuwa ya polepole. Kompyuta za leo zinakimbia mno. Mto unapita wote kabla ng'ombe hajainua mguu. Kuurekebisha kunawezekana, tena si kazi kubwa, ila yanahitajika yale maandishi yenyewe ambayo mzee aliyaandika kwa mkono wake, yaliyoizaa gemu. Tunayaita chanzo, alisema. Mtengenezaji hubaki nayo, wachezaji hupewa gemu iliyokwisha kukamilika.

Robi akafikiri kidogo. "Yaani nyinyi mna ugali, mnatafuta unga."

"Hivyo hivyo, mama. Na ugali haurudi kuwa unga."

Robi akaliendea sanduku la bati. Alikuwa hajafungua kile kitenge tangu alipokifunga, na si kwamba alikisahau. Aliogopa. Kwa miaka yote hiyo alijua kwamba kuna mahali ambapo boma la mjomba lipo na Oduol anaita ng'ombe, na mahali hapo ni salama mradi hapajafunguliwa. Ukifungua ukakuta hamna kitu, basi hamna kitu kweli.

Felistas akaazima kisomeo cha CD kwenye duka la vifaa vya ofisi, akazipitia moja baada ya nyingine, mama yake amesimama nyuma akishika kiti. Ya kwanza ilikuwa na gemu ile ile. Ya pili vivyo hivyo. Zote zilikuwa ugali. Na katika zote Saba alisimama mtoni.

"Hakuwa na nyingine?" Felistas aliuliza.

"Nyingine zilikuwa za soko tu. Mabango ya bei."

Generoza aliambiwa kwa simu. "Bila chanzo, mama, huyo ng'ombe atabaki hapo hapo," alisema. "Nitaitunza hivyo hivyo. Lakini ng'ambo hatutafika."

Siku zilizofuata Robi alishona vibaya. Alibandika mfuko wa shati ndani nje. Mchana, joto likiwa limelala juu ya mabati na mtaa mzima kimya, alisinzia kwenye kiti chake na kila mara alijikuta ukingoni mwa ule mto, maji yanakimbia kama shuka linalovutwa, na mtu ng'ambo anafungua mdomo kuita. Aliamka kabla sauti haijatoka.

Wiki hiyo mama yake Oduol alivuka mpaka kuja kuwasalimia, kama afanyavyo kila baada ya mavuno. Jina lake ni Akinyi. Ni mzee mwenye miguu mizuri na masikio mazuri kuliko ya watu wengi wa Nkende, na hajawahi kumwita Robi jina lake. Humwita Nyar Itiryo, binti wa Itiryo, kama desturi ya kwao inavyotaka mke wa mtoto aitwe. Alikuta bomba la mtaa halitoi maji siku ya tatu. Akachukua ndoo, akasimama mlangoni.

"Nyar Itiryo, hapa soko iko wapi?"

"Soko liko kule juu, mama, karibu na stendi. Unataka kununua nini? Nitamtuma Felistas."

"Kununua?" Akinyi aliitazama ndoo, akamtazama mkwe wake. "Hapa kwenu watu wananunua?"

"Si soko, mama?"

"Ndio, soko. Ile ya kuteka."

"Ya kuteka nini?"

"Maji, mtoto. Soko. Pahali maji inatoka chini yenyewe. Miaka yote umekaa na mtoto wangu, hukusikia hata hiyo moja?"

Felistas, ambaye bibi yake humwita Dani, alikuwa amekwisha kuanza kucheka. "Dani anataka kisima, mama. Chemchemi. Kijaluo wanaita soko."

Robi naye akacheka, maana alilijua neno hilo. Alilisikia mara ngapi kule ukweni, wanawake wakiagana, tunaenda soko, na kurudi na vichwa vinavyodondoka maji. Masikio yake yalilijua. Ni macho tu ambayo hayakuwahi kulijua, kwa sababu macho yake yalijifunza kusoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili soko ni nyanya na dagaa.

Halafu kicheko kikakatika.

"Felistas," alisema. "Yule binti alisema yale maandishi yanaitwaje?"

"Chanzo."

"Chanzo. Kama chanzo cha maji."

"Ndiyo, kama cha..." Felistas akamgeukia mama yake.

Akinyi alisimama na ndoo yake akiwatazama wote wawili wanavyotazamana. "Mimi nimesema kitu mbaya?" aliuliza.

"Hapana, mama," Robi alisema, akakaa chini. "Ni mimi. Zile CD za SOKO nimekwenda kuwatundikia ndege."

Walifika Itiryo asubuhi iliyofuata, Robi na Felistas, ukungu bado umekaa mabondeni na vilele vya vilima vinaelea juu yake. Filemoni aliwapeleka shambani bila kuuliza mengi. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa, imebaki miti iliyochomekwa huku na huku na kamba zinazovuka, na kwenye kamba CD zilikuwa zinageuka polepole kwa upepo. Robi aliishika ya kwanza. Ngozi yake ya fedha ilikuwa imebanduka, ungeweza kuona vilima kupitia kwake. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na herufi moja tu, O, imebaki pembeni. Ya tatu ilivunjika mkononi.

"Dada, ulinipa mwenyewe," Filemoni alisema, akiona uso wake.

"Nilikupa mwenyewe."

"Na zimefanya kazi. Ndege wa hapa wamezisoma zote."

Filemoni akajutia utani huo. Akakuna kichwa. "Moja Evelina aliichukua," alisema. "Sijui kama ipo."

Evelina, mkewe, alikuwa jikoni. Jiko lake lina dirisha dogo upande wa mawio, na hapo, ndani, kwa uzi mweusi, CD moja ilikuwa inaning'inia ambapo jua huingia kwa muda mfupi tu asubuhi kisha huondoka. Walipoingia ndio muda huo ulikuwa umefika. Ukutani, juu ya masizi, rangi za upinde wa mvua zilikuwa zinatembea taratibu, zikapita kwenye sufuria, zikapita kwenye gunia la mahindi, zikapita usoni kwa Felistas. Watu wanne walisimama ndani ya jiko dogo wakizitazama. Robi alisoma maandishi meusi yanayogeuka: SOKO, na chini yake, kwa herufi ndogo, ya mwisho.

"Watoto wangu wote wamenyamaza kulia kwa hiyo," Evelina alisema alipoambiwa. Hakutaka kukataa na hakutaka kutoa. "Mgonjwa, mwenye njaa, wote. Unamlaza hapo anaangalia."

Robi akafungua mkoba wake, akatoa kioo kidogo anachotumia kujitazama kabla ya kuingia kanisani. Akakifunga kwa ule uzi, akakitundika pale pale. Kikarusha doa moja la mwanga mweupe ukutani.

"Hakina rangi," Evelina alisema.

"Nitakutafutia chenye rangi, wifi."

"Basi chukua. Ni ya mumeo."

Generoza alikuja mwenyewe kutoka Mwanza na mashine yake ya kusomea, hakutaka CD isafirishwe tena. Robi alimpokea, akamtazama uso kwa karibu, akampa chai na viazi, kisha wakakaa mezani: Generoza, Felistas, Robi, na Akinyi, aliyesema haondoki hadi ajue ameharibu nini. Nje mvua ilikuwa inanyesha bila upepo, moja kwa moja, na chumba kilikuwa na giza la mchana. CD ikaingia, ikaanza kunguruma, ikasimama, ikaanza tena, kama mtu mzima anayejaribu kuinuka kwenye kiti cha chini.

"Hii imesomeka," Generoza alisema. Baada ya muda: "Hii imekataa." Kisha: "Hii imesomeka."

Robi hakuuliza ni zipi. Aliitazama mikono ya yule binti, ambayo haikuwa na haraka, na moyo wake ukatulia kidogo kwa sababu ya mikono hiyo.

Maandishi yalikuwepo karibu yote. Mto ulikuwepo. Sauti zilikuwepo. Zilizokataa ni picha: nyingi za boma, zile za ng'ambo. Felistas alikuwa anashusha mistari kwenye kioo, mistari ambayo Robi aliiona miaka ile juu ya bega la Oduol, na ghafla akasimama.

"Mama, hapa kuna Kiswahili."

"Wanaotengeneza gemu hujiandikia maelezo kati ya mistari," Generoza alisema. "Kompyuta huyaruka. Ni ya mtu kujikumbusha."

Felistas akasoma. "Robi anasema ng'ombe husita kwanza. Wasitishe kidogo hapa." Akashusha. "Robi anasema moshi haupandi juu. Ushushe." Akashusha tena, na safari hii akasoma polepole zaidi. "Muulize Robi, ghala ni kushoto au kulia."

Robi alijua kwamba hakuulizwa swali hilo. Labda Oduol alisahau, labda alikisia, labda siku hiyo kifua kilimshika. Na yeye miaka yote alidhani anasahau alichokiona mle ndani, kumbe hata mle ndani lilikuwa swali linalomsubiri.

"Naomba kuuliza jambo jingine kabla," Generoza alisema kwa upole. "Tukiurekebisha mto, mnaruhusu tuyaachie haya maandishi? Yaani ayapate yeyote anayetaka, popote. Hivyo ndivyo gemu haifi. Kompyuta zikibadilika tena, mtu mwingine ataweza kuivusha bila kutusubiri sisi."

Ule wasiwasi wa Robi ukaamka wote mara moja. "Yeyote? Hata mtu mbaya?"

"Yeyote."

"Aweze kubadilisha? Akimpaka Sabuni rangi ya kijani?"

"Ya kwake ataipaka. Ya mzee itabaki kama ilivyo. Wengine watachezea vibaya, mama, siwezi kukuficha. Wengine watajifunza."

Robi akamgeukia Akinyi. "Mama, kule kwenu soko ni ya nani?"

Akinyi alishangaa kuulizwa. "Ya nani vipi? Ya maji. Watu wanateka. Wengine wanakuja na ng'ombe wanachafua, unangoja, inasafika yenyewe."

"Na mtu akiweka uzio?"

"Sijawahi ona. Huyo tutaenda kumwangalia kama ni mgonjwa."

Robi akakunja kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, akakikunjua. "Basi mwenyewe aliliita soko," alisema. "Wateke. Ila neno moja. Yule ng'ombe asisahihishwe. Mtaona ameandikwa Saba. Mwacheni awe Saba."

"Si ni Shaba?" Generoza aliuliza. "Nilidhani ni kosa la kuandika."

"Ni Shaba. Mwacheni awe Saba."

Kazi ya mto iliisha kabla mvua haijakatika. Generoza alisema ni mistari michache tu. Felistas akaweka vidole, na maji sasa yalikuwa yanakwenda kwa mwendo ambao Robi aliujua, mwendo wa kitu kinachosikiliza. Saba alifika ukingoni, akasita kidogo, kama alivyosema Robi. Akatia mguu. Akazama hadi magotini, hadi tumboni. Kisha mgongo wake ukaanza kuinuka upande wa pili, na maji yakimchuruzika, na nyuma yake Sabuni, na Kaniki, na Karanga.

Ng'ambo palikuwa na majani, na kipande cha uzio wa minyaa, na moshi unaoambaa chini. Lango halikuwepo. Jiko halikuwepo. Penye boma palikuwa na vijiraba vitupu vya kijivu, kama jua lilivyoacha. Kisha sauti ikaja, ikikwaruza kidogo, ya mwanamume asiye na haraka.

"Sabuni. Rudi nyumbani. Kaniki. Karanga, wee Karanga. Saba. Saba, njoo."

Akinyi aliweka kiganja juu ya mdomo wake. Felistas hakusogea. Aliirudisha, akaisikiliza tena akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kama mlango umebishwa, kisha akairudisha tena.

"Anasema Saba," alisema hatimaye. "Kweli anasema Saba."

"Alikuwa hawezi sha," Robi alisema. "Na wewe ulipoanza kusema ulikuwa hivyo hivyo. Shikamoo ukasema sikamoo. Mimi ndiye niliyekurekebisha."

Felistas akafuta uso kwa mkono wa blauzi. Akavuta kiti karibu na cha mama yake, akafungua ukurasa mpya wenye vijiraba vitupu.

"Haya," alisema. "Kushoto au kulia?"

Robi akafumba macho. Mvua ilikuwa juu ya bati, na chini yake sauti ya Oduol ilikuwa bado inaita, maana Generoza hakuizima. Alitembea nyuma ya ng'ombe, miguu yake imelowa, fimbo mkononi, akapita penye minyaa. Hakujaribu kukumbuka. Aliwafuata tu hadi Saba alipogeuka kidogo kukwepa kitu, kama alivyokuwa akikwepa kila jioni, ubavu wake mwekundu ukipita karibu na miguu mifupi ya ghala, na ilikuwa mkono ule ambao Robi hakushika fimbo.

"Kushoto," alisema. "Weka kijiraba. Shusha kidogo. Hapo."